Mkopeshaji Asimame Nje ya Mlango



Wapendwa waamini, na hasa ninyi wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, makatekista na wajumbe wa halmashauri walei,

Asubuhi moja ya mwezi Januari, nikiwa sakristiani najiandaa kwa Misa, uliingia ujumbe katika simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Ulitaja jina kamili la mama mmoja wa kigango chetu, ukamwita mwizi na tapeli, ukaniarifu kwamba mimi ni mdhamini wake, na kwamba asipolipa kabla ya saa sita mchana picha yake itasambazwa. Sijawahi kumdhamini mtu yeyote. Baada ya Misa nikakuta katekista ameupata ujumbe uleule, mwenyekiti wa jumuiya ameupata, mwalimu mkuu wa shule wanakosoma watoto wake ameupata, na hata fundi baiskeli aliyewahi kumzibia pancha miaka mitatu iliyopita ameupata. Fundi yule aliniuliza, "Padre, huyu mama ni nani?"

Mama huyo hakuja kanisani Jumapili ile wala iliyofuata. Nilipomfuata nyumbani alinisimulia kwa kichwa kilichoinama. Mtoto wake alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Ilihitajika sare, godoro na madaftari. Aliona tangazo la mkopo wa haraka kwenye simu yake, akapakua programu, akaomba shilingi 50,000. Zilimfikia 36,000, nyingine zikakatwa papo hapo kwa jina la gharama. Baada ya siku saba alidaiwa 50,000 kamili, na kila siku iliyoongezeka iliongeza deni. Siku ya tisa ndipo matusi yalipoanza kumiminika kwa watu wote ambao namba zao zilikuwa katika simu yake. Alikuwa amebonyeza neno "Kubali" mara nne. Hakumbuki alikubali nini.

Katika sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati kuna agizo ambalo kwa muda mrefu nililisoma harakaharaka, nikidhani kwamba linawahusu watu wa kale na kanzu zao. Musa anawaagiza Waisraeli kwamba anayemkopesha jirani yake asiingie ndani ya nyumba ya mdeni ili kujichukulia rehani. Inampasa asimame nje, na mdeni mwenyewe ndiye atoke na kumletea rehani hiyo. Tena mdeni akiwa maskini, vazi lake lisilale kwa mkopeshaji, kwa kuwa ndilo shuka lake la usiku. Tuangalie vizuri. Torati haikukataza mkopo, wala hapa haikukataza rehani. Iliyokatazwa ni hatua moja, ile ya kuvuka kizingiti. Maskini aweza kupungukiwa na kila kitu, lakini ndani ya nyumba yake bado ni mwenye nyumba, na mwenye fedha hubaki mgeni anayesubiri nje.

Kwa watu wengi wa leo, simu imekuwa sehemu ya nyumba. Humo mna majina ya ndugu na marafiki, picha za watoto, ujumbe wa mume na mke, na ujumbe wa miamala ya fedha unaoonyesha nani alikutumia nini na siku gani. Humo mna habari ya mahali ulipolala jana. Programu za aina hii huomba ruhusa ya kufungua vyote hivyo kabla ya kutoa senti moja. Mkopeshaji huyu haombi rehani mlangoni. Anaingia mpaka chumbani, anahesabu vyombo, anaandika majina ya wageni wako wote, kisha anatoka na daftari mkononi. Na daftari hilo hulirudishiwi hata ukimaliza kulipa.

Najua kuna watakaosema, "Mbona alikubali mwenyewe?" Nimeyasikia maneno haya kutoka kwa watu wasomi, hata mezani petu mapadre. Nawajibu hivi. Kwanza, masharti aliyoyakubali yalikuwa ya kurasa nyingi, kwa lugha ya Kiingereza, kwenye kioo kidogo kama kiganja, mbele ya mama ambaye kesho yake mtoto angerudishwa nyumbani. Mwanateolojia yeyote aliyejifunza maadili anajua kwamba ridhaa inayotolewa bila kuelewa na kwa kubanwa na shida si ridhaa kamili. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hata kama angalikubali kwa hiari yote, alikubali kwa niaba ya nani? Mimi sikukopa. Fundi baiskeli hakukopa. Namba zetu zilikuwa kwake kama amana, na hakuna awezaye kuweka rehani amana ya mwenzake. Mkopeshaji aliyezichukua alijua vyema kwamba sisi hatukuulizwa. Biashara yake yote imejengwa juu ya jambo hilo: aibu ya mtu mmoja mbele ya watu mia.

Wengine watasema kwamba namtetea mdeni asiyelipa. Sivyo. Deni hulipwa, na anayekopa huku amekusudia kutolipa ametenda dhambi dhidi ya amri ya saba. Lakini deni la shilingi hulipwa kwa shilingi. Kumpaka mtu matope mbele ya mwalimu wa watoto wake si njia ya kudai, ni dhambi dhidi ya amri ya nane, na madhara yake hayafutiki kwa kulipa baki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 26, uliitaja heshima ya jina na ulinzi wa maisha ya faragha miongoni mwa haki za kila mwanadamu, pamoja na chakula, mavazi na makazi. Nayo Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yakataza kuharibu isivyo halali sifa njema ya mtu au kuvunja haki yake ya kulinda faragha. Faragha, basi, si anasa ya matajiri wa mijini.

Mikopo hii ni kona moja tu ya soko kubwa. Programu nyingi tunazoambiwa ni za bure hupata fedha zake kwa kuandika tunachotafuta, tunachosoma na saa tunayosoma, kisha kuwauzia wafanyabiashara nafasi ya kutufikia, au kuuza taarifa zenyewe. Kijana wa Nyakanazi anayetafuta kwa siri habari za ugonjwa wake hadhani kwamba swali lake limekuwa bidhaa. Hata mataifa yenye nguvu yameyumba katika jambo hili. Huko Marekani, mwaka 2016, ziliwekwa kanuni za kuyalazimisha makampuni ya huduma ya intaneti yaombe ruhusa ya mteja kabla ya kuuza kumbukumbu za kurasa anazozitembelea. Kabla hazijaanza kutumika kwa ukamilifu, Bunge lilizifuta, na Rais akatia sahihi mwezi Aprili 2017. Wenye mali walisimama na wabunge wakainama. Ulaya ilikwenda njia nyingine, ikaanza kutumia sheria kali mwezi Mei 2018.

Sisi Watanzania hatuna udhuru wa kusema hatuna sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo inadai kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo halali lililotajwa, na zisitumiwe kwa jingine. Anayezifichua kinyume cha sheria aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Kampuni yaweza kutozwa hadi bilioni 5. Novemba 2024 Benki Kuu nayo ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ni hatua njema. Lakini kufungia programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, na iliyofungiwa leo yaweza kuvaa jina jipya kesho.

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele kidogo. Sheria yao ni ya mwaka 2019, na mwezi Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni moja ya mikopo, Mulla Pride, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kutuma vitisho. Adhabu hiyo ilitokana na malalamiko ya raia. Huku kwetu ni wangapi wamelalamika? Katika semina ya viongozi niliwauliza watu arobaini na zaidi kama wamesikia habari za Tume hiyo. Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili, na mmoja alikuwa afisa mtendaji wa kata.

Lakini nisingetenda haki kama ningewanyoshea kidole wakopeshaji pekee. Sheria hiyo imeacha milango wazi kwa ajili ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, na mlango mpana huingiza hata asiyetakiwa. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, iliona kwamba baadhi ya vifungu vyake havina mipaka iliyo bayana, ikaagiza virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo 2024, mbele ya baraza la ajira mjini London, mtumishi wa zamani wa kampuni iliyokuwa ikiimiliki Tigo alidai kwamba taarifa za simu ya Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, zilikuwa zikipelekwa serikalini katika majuma yaliyotangulia kupigwa kwake risasi mjini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Mimi si hakimu wa madai hayo. Nasema tu kwamba raia anayeambiwa asajili laini kwa alama za vidole anayo haki ya kujua nani anafungua daftari lile, na kwa kibali cha nani.

Watu wa Ngara na Biharamulo wana sababu yao ya kuuliza. Nilikuwa mtoto mwaka 1994 Mto Kagera ulipotuletea maiti. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa turubai. Wazee wetu waliwasikiliza wageni wale wakisimulia habari za vitambulisho. Tangu miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, kitambulisho cha Rwanda kilikuwa na neno moja la kutaja kabila. Kwa miaka sitini liliandikwa na makarani waliokuwa wakitimiza wajibu wao tu. Kisha vikawekwa vizuizi barabarani, na neno lile likatosha kumwua Mtutsi. Taarifa iliyokusanywa kwa amani ilikuwa bado inakaa pale, ikimsubiri mtu mwovu aisome.

Na hapa kwetu, anayesema Kihangaza, lugha iliyo jirani sana na Kirundi, amekwisha kuulizwa mara ngapi babu yake alizaliwa wapi? Wakati wa Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 maelfu waliondolewa Kagera na mikoa jirani, na wako waliolia kwamba wao ni Watanzania. Kwetu mpakani jina la babu, likiwa mikononi mwa asiyestahili, laweza kumtoa mtu shambani kwake.

Tusijisahau wenyewe pia. Parokia ni mtunza taarifa mkubwa: daftari za ubatizo, za ndoa, kadi za zaka. Bado viko vigango ambapo majina ya wasiotoa mchango husomwa mbele ya madhabahu, na nakiri kwamba nikiwa paroko kijana nami nilisoma orodha kama hizo. Niliwaumiza watu, na mmoja hakurudi. Katika makundi ya simu ya jumuiya zetu nimeona picha ya mgonjwa akiwa kitandani, na ugonjwa wake umeandikwa chini, eti tumwombee. Tuombe, lakini tumwulize kwanza.

Kuanzia sasa dawati la Haki na Amani parokiani litapokea malalamiko ya namna hii kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi. Aliyetumiwa ujumbe wa matusi juu ya jirani yake asiufute wala asiusambaze. Auhifadhi kama ulivyo, aandike tarehe, saa na namba iliyoutuma, auletee dawati. Tutasaidiana kuandika barua kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na, kama ni mkopo, kwa Benki Kuu. Barua itaandikwa kwa Kiswahili na mlalamikaji atabaki na nakala. Aliyesajili laini kwa wakala wa chini ya mwavuli apige *106# aone kama hakuna namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Viongozi wa VICOBA na WAWATA nawaomba mfuko wa dharura wa Januari uanze kuchangwa mwezi Agosti, kahawa inapouzwa, ili mama mwenye mtoto wa kidato cha kwanza akope kwa watu wanaomjua na wanaosimama nje ya mlango wake.

Barua ya kwanza imekwisha kutumwa. Mama yule aliitia sahihi mwenyewe, na chini ya jina lake tulitia sahihi sisi wanne tuliotukaniwa jirani yetu, fundi baiskeli akiwa wa mwisho.