Mahameli ya Esther

Tuache kumwita mke wa Lederberg. Esther Lederberg alikuwa mwanajenetiki wa bakteria, mwenye uzamili wa Stanford wa 1946 na uzamivu wa Wisconsin wa 1950. Lakini kila ninapomkuta katika masomo yangu, jina lake huja baada ya koma, kama msaidizi wa mumewe Joshua. Koma hiyo ndiyo ugomvi wangu.

Tuhesabu kazi. Akichunguza bakteria wa aina ya K-12, Esther aligundua virusi vilivyojibanza ndani yao kimya kimya, bila kuwaua. Akaviita lambda, na taarifa yake ikatoka 1951. Vizazi vya wanasayansi vimejifunza kwa lambda jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Alishiriki pia kugundua F, kipengele kinachomwezesha bakteria mmoja kumpa mwenzake jeni.

Halafu 1952, mahameli. Unafunga kitambaa hicho kwenye kigingi cha mviringo, unakibonyeza juu ya sahani yenye bakteria, kisha unakigonga kama muhuri kwenye sahani nyingine yenye dawa. Nyuzi zake hubeba kila kikundi na kukiweka mahali kilipokuwa. Ukiona kilichosalimika kwenye dawa, unarudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haijaonja dawa, na kukuta ndugu zake mahali palepale, nao sugu tayari. Kumbe dawa haiumbi usugu. Huukuta na kuuchagua. Kila tunapojadili usugu wa dawa katika hospitali zetu, tunasimama juu ya kitambaa hicho.

Makala hiyo ya mahameli ina waandishi wawili: Lederberg na Lederberg. Msomaji mvivu huona mtu mmoja.

Wapo watakaosema Nobeli ya 1958 ilikuwa halali ya Joshua, aliyeigawana na Beadle na Tatum. Sipingi. Ni Joshua na Tatum walioonyesha 1946 kwamba bakteria hupandana na kuchanganya jeni. Lakini tuzo moja halali haielezi yaliyofuata. Mwaka 1959 wanandoa hao walihamia Stanford. Mume akawa mkuu wa idara mpya ya jenetiki. Mke, mwenye lambda na mahameli, akapewa nafasi ya utafiti isiyo na hakikisho la ajira ya kudumu. Hoja ya tuzo haiwezi kuhalalisha mkataba wa namna hiyo. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kivuli ni cha nani.

Wapo pia wanaojibu kwa upole kwamba sayansi ni kazi ya pamoja, majina ni ubatili. Nimegundua kwamba wanaosema hivyo huwa na majina makubwa tayari. Asiye na jina hapati ufadhili, hapati ajira, haitwi kwenye mkutano. Kwake yeye jina ni ugali.

Nayasema haya kwa sababu mwanafunzi wa uzamili anaijua koma hiyo. Ndiye anayekesha akihesabu vikundi vya bakteria umeme ukikatika na kurudi. Ndiye anayekoroga agari na kuosha sahani. Makala inapotoka, hushukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni, pamoja na fundi wa maabara na waliotoa fedha. Nimeona makala ambayo aliyebuni njia ya kipimo hakuwamo kabisa. Alipouliza, aliambiwa awe na subira, bado kijana.

Subira huvuta heri, lakini Esther alisubiri miaka mingapi? Kuanzia 1976 aliongoza kituo cha kumbukumbu za plasmidi pale Stanford, akisimamia majina yanayopewa plasmidi ili lisirudiwe jina moja kwa mbili tofauti. Plasmidi zilipewa ulinzi wa majina ambao yeye hakuupata.

Basi mwanafunzi mwenzangu, kabla hujagusa pipeti, muulize msimamizi wako nani ataandikwa wapi, na jibu liwekwe kwenye maandishi. Huo si utovu wa adabu. Na wewe mwalimu, siku utakapofundisha lambda, anza na jina la aliyeigundua, kisha uweke nukta.