Chuma au Alumini: Mizani Peke Yake Haitoshi

Imeenea dhana miongoni mwa wapenzi wa magari ya kasi kwamba bloku ya injini iliyo ya chuma ni mabaki ya zama zilizopita, na kwamba ya alumini ndiyo alama ya maendeleo. Dhana hiyo imeegemea kipimo kimoja tu: sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, hali chuma cha kusubu hufikia gramu 7.2 hivi. Atakayetosheka na kipimo hicho atachagua upesi, na huenda akachagua vibaya.

Unafuu wenyewe haufiki pale hesabu inapoahidi. Alumini hunepa kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo kuta za bloku yake hazina budi kufanywa nene na kutiwa mbavu. Tena uso wake ni laini mno kuhimili ringi za pistoni. Aghalabu silinda hutiwa laina za chuma au hupakwa utando mgumu. Chevrolet ilijaribu kuepuka gharama hiyo katika Vega, toleo la 1971, ikiziachia chembe za silikoni zilizomo ndani ya alumini zibebe msuguano. Injini ile ilipata sifa mbaya ya kuchemka na kula oili.

Kinyume chake, mwaka 1983 Nelson Piquet alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One akiendesha Brabham yenye injini ya BMW. Injini hiyo ya turbo, ya lita 1.5 tu, ilijengwa juu ya bloku ya chuma yenye asili ya magari ya kawaida ya miaka ya 1960. Kufikia 1986 ilitoa zaidi ya nguvufarasi 1000 katika mizunguko ya kuwania nafasi. Siri haikuwa wepesi. Turbo husindilia hewa ndani ya silinda. Shinikizo likipanda, ukuta unaonepa hupoteza mviringo wake, na gesi hupata mwanya wa kuvuja. Hapo ugumu wa chuma ndio unaolipa.

Hata hivyo, gari lisilo na turbo, la kukata kona nyingi, lastahili alumini bila ubishi: pua nyepesi hugeuka upesi, na joto hupita katika alumini haraka zaidi. Ubunifu nao umesonga mbele. Toyota Supra ya 1993 ilikuwa na bloku ya chuma. Ile ya 2019 ilipewa injini ya BMW yenye bloku ya alumini. Lakini waongezao nguvu maradufu bado huitafuta ile ya zamani, nao wana hoja. Silinda ya chuma iliyolika huchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo katika karakana ya kawaida. Utando wa alumini ukishachubuka, hutakiwa mitambo maalumu, ama bloku mpya.