Macho Yaliyoinama Si Ushahidi

Tumfikirie mwalimu kijana aliyetoka mbali kuja kufundisha Ihanja, mkoani Singida. Anamwita mwanafunzi na kumwuliza habari za kitabu kilichopotea. Mwanafunzi anainamisha macho na kujibu kwa sauti ya chini. Mwalimu anakata shauri: ndiye mwizi, kwani asiye na hatia humtazama mtu usoni. Je, hukumu hiyo ina msingi wa kisayansi? Kwa maoni yangu, haina.

Ni kweli kwamba yapo mambo ya uso tunayozaliwa nayo. Charles Darwin alilitetea wazo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1872. Baadaye Irenäus Eibl-Eibesfeldt aliwachunguza watoto waliozaliwa wakiwa vipofu na viziwi, akaona kwamba hutabasamu, hucheka na kulia kama watoto wengine, ingawa hawakupata kumwona wala kumsikia mtu wa kumwiga.

Lakini kutabasamu ni jambo moja, na kuusoma uso wa mwenzako ni jambo jingine. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2020, ulipata ushahidi mdogo tu kwamba binadamu wote husoma hisia usoni kwa namna moja. Watafiti walieleza kuwa maana hizo hutokana na mafunzo ya utamaduni.

Basi maumbile hutupa kilio na kicheko. Malezi hutufundisha tuvitumie lini na mbele ya nani. Katika jamii zetu nyingi mtoto huonywa kwamba kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Yamkini mwanafunzi wetu alikuwa akitoa heshima, na mwalimu akaipokea kama ungamo.

Watakuwapo watakaosema kuwa mwalimu mzoefu huutambua uongo kwa kutazama tu. Bond na DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2006, wakaona kuwa watu hupambanua kweli na uongo kwa wastani wa asilimia 54. Kurusha sarafu hutoa 50!

Hivyo, kabla ya kuadhibu, hapana budi tufungue daftari la kuazimia vitabu, tuwaulize wenzake, tumsikilize naye. Macho yaliyoinama yaweza kuwa heshima, hofu au hatia. Uso peke yake hautuambii ni lipi kati ya hayo.