Wananchi Washirikishwe Kuwatambua Wanyama wa Serengeti

Iko dhana potofu kwamba sayansi ni kazi ya mabingwa wachache waliojifungia maabara. Serengeti imekwisha ivunja dhana hiyo.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutega humo kamera 225 zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo. Kufikia 2013 zilikwisha patikana seti za picha milioni 1.2, nyingi zikiwa hazina mnyama, ila majani yaliyopeperushwa na upepo. Wataalamu peke yao wasingezimaliza. Kwa hiyo tangu 2012 picha hizo ziliwekwa katika intaneti, na watu wa kawaida zaidi ya 28,000 wakazichambua kwa kujitolea, mithili ya mchezo. Kila picha ilitazamwa na watu kadhaa, na jibu la wengi ndilo lililoshika. Yalipolinganishwa na ya mabingwa, majibu hayo yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, mwanakijiji anayepakana na hifadhi humtambua pofu na kongoni kwa mbali, bila kitabu. Ndiye pia ambaye mbuzi wake huliwa na fisi. Kazi kama hii ikiendeshwa kwa lugha ya kigeni tu, mjuzi huyo hugeuzwa mtazamaji katika nchi yake mwenyewe.

Hapana budi, basi, picha hizo zifikishwe katika shule zilizo jirani na hifadhi, kwa majina ya Kiswahili. Ashirikiye kuihesabu mali ndiye huwa mlinzi wake wa kwanza.