Nani Aliyeificha Tendaguru?

Haupiti mwezi bila kunifikia simuni orodha moja au nyingine ya "mahali pa ajabu palipofichika duniani". Humo utakuta shimo la moto la Darvaza kule Turkmenistan, miti ya Sokotra inayotoa utomvu mwekundu, na uwanda wa chumvi wa Uyuni nchini Bolivia. Sina ugomvi na udadisi, asiyeshangaa hafundishiki. Ugomvi wangu ni na neno hilo "palipofichika", ambalo watunzi wa orodha hizi hulitumia bila kujiuliza: pamefichika kwa nani? Wasokotra hawajapata kupotewa na miti yao hata siku moja. Neno hilo humpima kila mtu kwa macho ya mgeni, kisha humpa mgeni huyo sifa ya kugundua alichoonyeshwa na mwenyeji.

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu ni nani kati yao aliyewahi kusikia habari za dinosaria. Mikono yote ikapanda, na wengine wakaanza kunitajia filamu. Nikauliza ni nani aliyewahi kusikia habari za Tendaguru. Ikapanda mikono michache, mmoja wao wa kijana aliyezaliwa Lindi mjini. Naye alilijua jina tu.

Tendaguru ni kilima kilicho kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, umbali wa kilomita zipatazo 60. Katika miamba ya eneo hilo imo mifupa ya wanyama walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa hiyo, na tangu hapo vitabu vimeandika kwamba Tendaguru "iligunduliwa". Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalituma msafara wa uchimbuaji, ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig. Zilichukuliwa zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Wanasayansi wa Kizungu pale kilimani walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Waliochimbua, waliofunga na waliobeba walikuwa wenyeji, ambao katika misimu mikubwa walifika wapatao 500. Reli haikuwapo, wala gari. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi, kwa maelfu ya safari.

Namwomba msomaji aisome miaka hiyo sambamba na mingine anayoijua tangu shule ya msingi. Sattler alifika pale mwaka 1906. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 na kuzimwa mwaka 1907, na Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyowaka. Serikali ya kikoloni ilivimaliza vita hivyo kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Hao ndio waliokuja kuomba kazi ya kubeba mifupa: watu waliotoka kuzika ndugu zao. Wanahistoria wetu hufundisha Maji Maji katika somo moja, na Tendaguru, ikifundishwa kabisa, huachiwa watu wa jiolojia, kana kwamba mambo hayo mawili yalitokea katika mabara tofauti.

Sasa tuje kwenye kuficha kwenyewe, maana kulifanywa kwa hatua zinazojulikana. Hatua ya kwanza ilikuwa ya kisheria. Serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi ya Tendaguru kuwa mali ya dola ya Kijerumani, ili mifupa isafirishwe bila mtu mwingine kuwa na haki ya kuuliza. Hatua ya pili ilikuwa ya majina. Mwaka 1914 Janensch alimpa mnyama mkubwa kuliko wote jina la Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkuu wa taasisi ya Berlin, ambaye hakuchimbua mfupa hata mmoja pale kilimani. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbuaji na fundi aliyesifiwa na Wajerumani wenyewe, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine, na kabila zima la Wamwera, walisubiri hadi mwaka 2019 walipopewa Wamweracaudia keranjei. Wote walikuwa wamekwisha kufa, na majina hayo yako katika majarida ambayo wajukuu zao hawayasomi.

Hatua ya tatu ilikuwa ya ukumbi. Mwaka 1937 mifupa hiyo iliunganishwa na kusimamishwa Berlin, chini ya bendera za utawala wa Hitler. Leo, kwa urefu unaozidi mita 13 kwenda juu, ndio mfupa mzima wa dinosaria mrefu kuliko yote iliyosimamishwa katika makumbusho duniani. Watoto wa Berlin hupelekwa kuutazama na shule zao. Mtoto wa Lindi hana pa kupelekwa.

Kila suala la mifupa hii linapoibuka, bungeni au magazetini, hutolewa majibu mawili. La kwanza husema kwamba visukuku si kinyago wala kiti cha enzi. Ni vitu vya maumbile, mali ya binadamu wote, na sayansi haina mipaka. Maneno mazuri. Lakini kama havina mwenyewe, kwa nini ardhi ilibidi kwanza itangazwe kuwa ya dola? Na kwa nini Ujerumani imeuweka mfupa huohuo katika orodha ya mali za utamaduni zenye thamani kwa taifa lake, orodha ambayo kazi yake ni kuzuia vitu visitoke nchini? Yaani vikiwa Lindi ni vya walimwengu. Vikifika Berlin vinapata uraia.

Jibu la pili hutoka midomoni mwa Watanzania wenzangu, na ndilo linaloniuma zaidi: hatuna uwezo wa kuitunza, gharama ni kubwa, tuombe tu ushirikiano. Sikatai kwamba kuunganisha mnyama wa ukubwa ule kunahitaji fedha na jengo. Ninalokataa ni dhana kwamba kule aliko ametunzwa kwa uangalifu tusioweza kuufikia. Miongoni mwa mizigo iliyofungwa kwa mianzi ya Lindi, ipo iliyokaa ghalani Berlin zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa, hata watafiti wa huko wakaamua kuichungulia kwa mashine za kupiga picha za ndani kama zile za hospitali. Mtu akichukua mzigo wangu akauweka uvunguni kwa karne nzima bila kuufungua, sitampigia magoti aniambie kama nina uwezo wa kuutunza.

Aidha, sisi nasi tuna mkono katika kuficha. Hakuna Mjerumani anayetuzuia kuiweka Tendaguru katika mtaala wa historia. Hakuna anayetuzuia kuitengeneza njia ipitike masika na kiangazi, au kuwaajiri vijana wa vijiji vya jirani wawe walinzi na waelezaji wa kilima chao. Vyuo vikuu vyetu, na nakitia changu humo, vimetoa shahada nyingi za utalii kwa watu wasioweza kukionyesha kilima hicho katika ramani.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba nadai meli ije kesho na mnyama mzima. Nadai tuanze na vitu visivyohitaji jengo la mita 13: nakala za madaftari ya uchimbuaji, picha na kumbukumbu zote za malipo na majina ya wafanyakazi, zitafsiriwe kwa Kiswahili na ziwekwe Lindi. Humo mna watu ambao wajukuu zao wako hai. Na ile mizigo ya mianzi ambayo Berlin haikupata muda wa kuifungua kwa miaka 100, irudishwe ilivyo, ifunguliwe na vijana wetu mbele ya wazee wa Kimwera, kwa zana zozote zitakazopatikana. Boheti alianza na zana chache kuliko hizo.