Kamera Haipigi Hodi

Saa nane mchana Bulla Iftin, joto la Garissa limechoma mabati, na hooyo amekaa sebuleni kwake na mtandio kichwani. Ndani hakuna mwanaume hata mmoja ila mimi mwanawe. Nikamuuliza, "Hooyo, si utoe hiyo kitu upate hewa?" Akanyoosha kidole kwenye kona ya dari. "Kuna mtu pale."

Huyo mtu ni kamera ya waifai, nyeupe, ndogo kama kikombe cha chai. Kaka yangu aliye Minneapolis alituma pesa tununue baada ya mtungi wetu wa gesi kuibwa. Nia yake ilikuwa njema, sibishi. Lakini mtungi uliibwa uani, na kamera ikafungwa sebuleni. Jioni moja mama wadogo walikuja, wakavua mitandio, wakacheka vile wanawake hucheka wakiwa peke yao. Mara ukuta ukaongea kwa sauti ya kaka: "Hooyo, huyo wa kushoto ni nani?" Vikombe viliachwa na chai ndani. Mmoja wao hajarudi mpaka leo.

Nitasema wazi: kamera ya sebuleni si ulinzi. Ni mgeni aliyeingia bila hodi na akakataa kuondoka. Watu wetu husoma Surat An-Nur, aya ya 27, inayotukataza kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba idhini na kuwasalimu wenyewe. Mlangoni tunatii. Kwenye simu tunajifanya hatujasikia.

Ati anayeangalia ni ndugu yako tu? Mimi pia niliamini hivyo, hadi nikafungua programu ya ile kamera na kuhesabu watumiaji. Tulikuwa watatu: kaka, mimi, na namba tusiyoijua. Ilikuwa ya fundi aliyeifunga. Alijiunga siku ileile, akatuambia ni ili atusaidie ikisumbua. Miezi saba. Labda hakuangalia hata mara moja. Lakini angeweza, saa yoyote, na hooyo hangejua.

Na fundi ni mmoja tu kwenye foleni. Kamera nyingi za aina hii zinapeleka picha kwenye kompyuta za kampuni, pengine ng'ambo, ndipo zifike kwa simu yako. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, ikisema mfanyakazi wake mmoja alitazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwemo za vyumba vya kulala na bafu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa malaki, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakubadilisha. Uingereza ilipiga marufuku nywila dhaifu za aina hiyo mwaka 2024. Sisi bado tunanunua, tunachomeka, tunasema Alhamdulillah inawaka.

Utasema sheria ipo. Ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini sheria hiyo haigusi data ambayo mtu anaishughulikia kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani. Yaani pale sebuleni, ambapo dada wetu wa kazi hutandika godoro lake usiku, analindwa na adabu yetu tu. Na adabu yetu ni gani? Niliwahi kumchungulia nikiwa kazini, nione kama anachezea simu. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali kulala mbele ya jicho. Naandika hili kwa aibu.

Sisi wa North Eastern ndio tungepaswa kujua zaidi. Tuliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipigwa msasa wathibitishe ni Wakenya. Kisha ukame ukaja, watu wa hapa wakatoa alama za vidole kama wakimbizi ili wapate chakula Dadaab, na miaka baadaye wakanyimwa vitambulisho kwa alama hizohizo. Somo lipo mlangoni petu: kinachochukuliwa leo kwa kukusaidia kinaweza kukufunga kesho. Halafu mtu anatuambia, kama huna la kuficha unaogopa nini? Hooyo ana nywele zake za kuficha. Zinatosha.

Kamera sasa iko kwenye geti, inaangalia barabara. Nywila mpya, fundi ametolewa. Kaka alikasirika sana. "Sasa nitajuaje mama ako salama?" Nikamwambia, "Mpigie simu. Umuulize."

Nawe ukifika nyumbani leo, fungua programu uhesabu watumiaji. Kisha keti na yule anayelala chini ya ile kamera, umuulize kama anaitaka. Akisema hapana, ishushe kabla hujala.