Pete ndogo zinazochagua upande bila kuamriwa

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2025, waliyopewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, imerudisha katika vichwa vya habari vipitishi kamili: vitu ambavyo vikipoozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Google na IBM huvitumia kuunda kompyuta za kwantamu. Lakini ipo jamii nyingine ya vipitishi hivyo, yenye tabia ya kipekee, ambayo bado haijapata nafasi hiyo.

Ni kitu gani kinachovunjika?

Wanafizikia husema kwamba humo ulinganifu wa wakati huvunjika. Hii haina maana kuwa saa inarudi nyuma. Chukua filamu ya umeme unaozunguka kwenye pete, kisha uicheze kinyumenyume: umeme utaonekana ukizunguka upande wa pili, na sumaku yake itageuka. Pete isiyo na umeme haitabadilika. Basi pete ikianza yenyewe kuzungusha umeme upande mmoja, bila betri wala sumaku ya nje, ulinganifu umevunjika.

Mwaka 2003, watafiti akiwemo Hans Hilgenkamp wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionesha safu za pete nyingi za namna hiyo, zilizounganisha niobiamu na kipitishi chenye itiriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Katika kipitishi hicho, wimbi la jozi za elektroni lina alama ya kujumlisha upande mmoja, na ya kutoa upande wa pembe mraba. Pete inayogusa pande zote mbili hupata hitilafu, na umeme huzunguka ili kuirekebisha. Kwenda kulia au kushoto ni sawa. Pete zilizounganishwa zilipendelea kupingana: sumaku moja juu, ya jirani chini.

Faida na kikwazo

Kompyuta ya kwantamu inayotumia pete za kawaida huhitaji sumaku ya nje ili hali mbili za kila pete zilingane. Sumaku hiyo ikiyumba, hesabu huvurugika. Pete za Twente hulingana zenyewe. Kikwazo ni kwamba katika kipitishi chenye shaba, baadhi ya jozi huvunjika kwa nishati ndogo mno na kuharibu hali hizo dhaifu. Ndiyo maana kampuni hizo zimebaki na vipitishi vya kawaida, kama alumini.